Nilivyoifundisha Mashine Kifo cha Kaka Yangu

Miaka ile vita vya Kongo vilikuwa vikiisha na kuanza tena, nami huko mjini Kamembe, ng'ambo ya mpaka, kazi yangu ilikuwa kuifundisha kompyuta ukweli. Msicheke. Ilisoma kurasa za mtandao usiku na mchana, ikachomoa humo sentensi fupi: Bukavu ni mji, muhogo ni chakula, fulani amekufa. Sisi wafanyakazi wanne, tuliolelewa Kongo tukarudi na Kifaransa chetu, tulibonyeza Ndiyo au Hapana, nayo ikajifunza. Mkubwa wetu wa kazi hakupenda tuulize sentensi imetoka wapi. Tulikuwa tunachelewesha kazi, alisema.

Siku moja likatokea jina la kaka yangu, likifuatwa na la baba na la kijiji chetu cha Mururu. Amekufa.

Kaka alipotelea msituni katika vita vya kwanza. Mama alikataa katakata tumlilie. Hakuna mwili, hakuna aliyemwona akianguka, kilio cha nini? Mke wa kaka alibaki kwetu, si mke, si mjane.

Nilibonyeza Ndiyo. Sitafuti kisingizio: nilikuwa nimechoka kumngoja. Jioni nikampelekea Mama habari kwamba kaka amekufa.

"Ni nani alimuona?" Mama aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Mashini imesoma, Maman. Inasoma kupita sisi wote."

Mama alikaza kitenge kiunoni. "Basi, tumulilie."

Majirani walileta kuni na pombe ya ndizi, wakakaa nasi juma zima. Siku ya mwisho Mama alinawa kumaliza matanga, akamruhusu mkwe wake arudi kwao. Akaanza kulala usingizi mzito, na mimi, mjinga, nikajisifu.

Wiki mbili baadaye nilifungua chanzo cha ile sentensi. Ulikuwa ukurasa wa parokia: marehemu wa kuombewa katika Misa ya Novemba. Kwetu, akina mama wa waliopotea huchomeka majina ya watoto wao humo kimyakimya, maana sala haimdhuru aliye hai. Padri anajua, majirani wanajua. Mashine ingejulia wapi? Mimi nilijua. Tena jina lile nililiandika mwenyewe, Mama akinitajia, kwa kuwa yeye hakujua kuandika.

Nilibonyeza Hapana. Haikusaidia, kurasa nyingine zilikuwa zimeshanakili orodha ile na kompyuta ilikuwa imeshaziamini.

Nilimkuta Mama uani akichambua maharage. Nikamweleza yote, bila kujitetea. Niliona aibu.

"Kwa hiyo iko muzima?"

"Sijui, Maman. Hatujui kitu."

Aliendelea kuchambua, punje moja moja, mpaka maharage yakaisha ungoni. Kisha akanitazama, na sikuona hasira, afadhali ningeiona.

"Nilikuwa nimeshamuzika," alisema. "Sababu gani umenirudishia yeye, na haumuleti?"