Mama Alivyozivisha Spika Zangu

Mama alikuwa hajamaliza wiki ya pili nyumbani kwangu alipozivisha spika zangu nguo. Nilirudi kutoka chuoni nikazikuta zimefunikwa, kila moja na kitambaa chake cha kroshia, cheupe, chenye maua ya samawati pembeni, na ndani ametia bitana nzito ili mashimo ya uzi yasionyeshe kilicho nyuma. Alikuwa ameona kwamba kitambaa cha mbele cha spika moja kimechanika. Kwa mwanamke wa Kitale aliyelea watoto wake katika sebule ambamo kila kiti na kila meza na hata redio ilikuwa na kitambaa chake, kitu kilichochanika hakiachwi wazi wageni wakakiona. Alinitazama akingoja niseme neno. Nikamwambia amefanya kazi nzuri sana. Moyoni nilitaka kulia.

Nieleze spika zenyewe, la sivyo nitaonekana mtoto mkorofi. Ni masanduku mawili ya mbao, ya rangi ya kahawia, yaliyotengenezwa Uingereza kabla sijazaliwa. Jirani yangu hapa Glenwood, mtaa wa Durban, mjane wa Kiingereza, ndiye aliyenipa alipohamia kwa binti yake. Alikuwa amenikuta zaidi ya mara moja nimesimama chini ya dirisha lake kama mwizi, nikisikiliza. Hazifai kwa sherehe. Ukizifungulia sana zinalalamika, na rafiki yangu mmoja Mkongo, anayetengeneza simu mjini na kusali kanisa moja nami, alipozisikia mara ya kwanza alinihurumia.

"Dada, hii baffle yako iko mgonjwa?" aliniuliza. Kwao spika ni baffle, na baffle isiyotikisa madirisha bado haijaanza kazi.

Lakini mweke mtu anayeongea. Weka mtangazaji, au mhubiri, au mwimbaji mmoja na gitaa lake. Utamsikia akivuta pumzi kabla ya neno. Utajua kama yuko karibu na maikrofoni au amerudi nyuma kidogo. Waliozitengeneza walitaka jambo hilo moja tu, sauti ya binadamu ndani ya chumba, na walilipata.

Sasa binadamu huyo alikuwa anaongea akiwa amejifunika blanketi. Sauti nyembamba zote, zile zinazotenganisha neno na neno, zilikuwa zinabaki ndani ya bitana ya mama. Mimi si mvumilivu, waulize wanafunzi wangu. Lakini huyu alikuwa mama yangu, tumetoka kumzika baba, na mikono yake ilikuwa imepata kazi ya kufanya. Niliviacha vitambaa pale pale.

Tena kuna suala la kiti. Spika za namna hii zina kiti kimoja tu cha kweli, cha katikati, kinachozitazama zote mbili sawasawa. Ukikaa pembeni unasikia nusu ya mambo. Nilikuwa nimeishi peke yangu miaka mingi na kiti hicho kilikuwa changu, kimeshika umbo langu. Mama alipofika, bila shaka, kikawa chake. Mimi nilihamia kwenye stuli karibu na friji.

Tangu spika zifunikwe, kila jioni nilikuwa naunganisha simu na kumwekea redio ya nyumbani. Alipenda matangazo ya vifo. Yeye na baba waliyasikiliza pamoja maisha yao yote ya ndoa, wakinyamazishana ili wajue nani ametutoka, ameacha nani, na atazikwa wapi. Mama alikaa kwenye kile kiti akifuma, akiitikia kwa kichwa, na mimi kwenye stuli yangu nilijiona binti mwema kupita kiasi.

Nilitaka abaki. Niseme wazi, nilitaka hivyo kuliko nilivyokuwa nimetaka kitu chochote kwa muda mrefu. Nilichoka kurudi kwenye nyumba ambayo sauti yake ya kwanza ilikuwa funguo zangu mwenyewe. Kwa hiyo jioni moja, tukiwa tumemaliza ugali na mchicha, nikajikaza nikamuuliza kama angekubali kuishi nami hapa Durban moja kwa moja. Mama alikunja kitambaa chake cha kujipangusia, akanitabasamia.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Nilienda jikoni nikafungua bomba ili asisikie ninavyolia kwa furaha. Tahadhari ya bure, kama nilivyokuja kujua.

Nilimpigia ndugu yangu kule Kitale. Hakufurahi. Alisema mama ana boma lake, na ana mtoto wa kiume mwenye nyumba hatua chache kutoka kwake, sasa watu watasema nini akienda kuzeekea kwa binti, tena ugenini. Nikamwambia watu waseme wanavyotaka, mama mwenyewe amekubali. Akaniomba ampate kwenye simu. Mama alishika simu, akasema ndiyo, ndiyo, Mungu awabariki wote, akanirudishia. Ndugu yangu alikata tamaa. Ng'ombe wakahamishiwa kwake, na mwalimu mmoja mgeni wa pale akatafutiwa nafasi ya kupanga nyumba ya mama. Kila hatua nilimweleza mama nikiwa naosha vyombo au natafuta viatu vyangu, na kila hatua alisema sawa. Nilimsifu kwa watu kwamba ni mwanamke asiye na makuu.

Kisha tumbili wakaingilia kati. Hapa Glenwood tumbili ni kama wapangaji wenzetu. Wanajua siku ya takataka, wanajua dirisha gani halifungiki. Jumamosi moja mama alifua vile vitambaa na kuvianika nyuma ya nyumba, na kabla havijakauka dume moja likashuka, likachukua kimoja na kupanda nacho mti wa jirani. Mama alisimama chini akiligombeza kwa lugha ya kwao. Wanafunzi wanaopanga nyumba ya pili walitoka kutazama. Tulipokipata kitambaa kilikuwa nyuzi tupu. Mama hakutaka kuvisha spika moja na kuiacha nyingine uchi, akaamua zote zikae hivyo mpaka afume kingine.

Jioni ile niliweka redio kama kawaida. Nilikuwa kwenye stuli, nafurahia kwa siri kuzipata tena spika zangu, mtangazaji akisoma majina na vijiji kwa ile sauti yao ya polepole. Ghafla mama aliinua kichwa.

"Uii, huyu namjua," akasema. "Tuliuza maziwa pamoja. Kumbe alikuwa ameugua?"

Akaniambia habari zake, mume wake, mtoto wake aliyekwenda jeshini. Akarudia mahali pa mazishi. Tangazo lililofuata akasema marehemu alikuwa na watoto wengi mno, mazishi hayo yataleta ugomvi wa shamba. Nilimtazama. Jioni zote zile hakuwahi kusema neno juu ya tangazo lolote. Nilidhani anaomboleza kimya kimya, nikamheshimu kwa hilo.

Nikazima redio, nikaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, nyuma yake, nikamuuliza kwa sauti yangu ya siku zote kama aongezewe chai.

"Sawa, mwanangu."

"Mama, leo nitakupikia mawe."

"Sawa. Asante."

Nilishika fremu ya mlango. Uzee ulikuwa umemnyang'anya sauti nyembamba, spika za Kiingereza zilikuwa zinamrudishia kidogo, na zile bitana zilikuwa zinamnyima tena. Sauti yangu mimi, niliyeongea nikiosha vyombo, niliyemsemesha nikiwa chumba kingine, haikuwa inamfikia hata kidogo. Mama alikuwa anaishi kwangu kwa kubahatisha, na kwa adabu yake alikuwa amechagua neno moja lisiloudhi mtu.

Basi na lile swali la mezani? Nililijua jibu pale pale mlangoni, na kwa siku kadhaa nilikataa kulijua. Sawa yake nilikuwa nayo. Mpangaji alikuwa anaingia Ijumaa, zaidi ya wiki moja mbele. Nikinyamaza tu, mama angebaki, tena kwa idhini yake mwenyewe, na ndugu yangu shahidi. Nilimtazama akifuma kile kitambaa kipya, kinazidi kukua, na nikawa namuombea akimalize, spika zizibwe tena. Hayo ndiyo mawazo yaliyonipitia.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, nilimwambia rafiki yangu Mkongo, yule fundi wa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza pumzi.

"Eish, dada. Maman hasikiake, na wewe unapangisha nyumba yake?"

Nikamwambia miadi ya daktari wa masikio ni mwezi ujao. Akashauri niongee kwa nguvu. Nikamwambia nimeshajaribu. Nikipaza sauti anadhani nimekasirika, uso unamwanguka, anasema sawa upesi zaidi. Akafikiri kidogo, akasema kwaya yao Wakongo, ya mtaa wa Cato Manor, ina maikrofoni, ambayo yeye huiita micro. Kama baffle za wazungu zinajua kazi moja tu, ya kumsikilizisha mtu sauti ya mwingine, basi tuzipe hiyo kazi. Mchana ule ule alikuja na maikrofoni, waya, na kisanduku cha kuunganishia.

Tulimwambia mama, kwa ishara na kwa kuchekacheka, kwamba tunajaribu vyombo vya kwaya. Mara ya kwanza spika zilipiga mluzi hadi mama akaziba masikio. Tukagundua kwamba anayeongea lazima akae mbali nazo, kwa hiyo maikrofoni ikahamia jikoni, nyuma ya kiti cha mama. Rafiki yangu alianza.

"Maman, jambo yako. Hapa Durban unakaa muzuri?"

Mama alizitazama spika, akacheka. "Nakaa vizuri, mwanangu. Isipokuwa kitanda ni kigumu. Mgongo umekwisha."

Kitanda hicho nilikuwa nimemuuliza habari zake kila asubuhi. Rafiki yangu alinitazama, akaniwekea maikrofoni mkononi, akasema anaenda kuangalia gari lake.

Nilibaki nimesimama kati ya jiko na sinki. Kutoka pale nilikuwa naona kisogo cha mama, leso yake ya kanisani, na spika mbili zikimtazama. Aibu ilikuwa imenijaa, kama mtu anayetaka kumposa mama yake mwenyewe.

"Mama, ni mimi. Nilikuuliza siku moja mezani kama utabaki kuishi nami hapa, usirudi tena Kitale. Sijui kama ulinisikia."

Sindano ya kroshia ilisimama. Niliona mabega yake yameshuka.

"Sikukusikia," akasema, bila kugeuka. "Nilidhani unataka kutoa vyombo."

"Na habari za mpangaji? Nilikuambia kuna mwalimu anataka nyumba yako. Ukasema sawa."

"Nyumba yangu gani?"

Ilibidi nimweleze yote tangu mwanzo, ng'ombe, nyumba, Ijumaa, na kila neno nililolisema lilimfikia, kwa sababu spika zile hazijui kuficha. Nilipomaliza nikauliza tena, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuuliza.

"Mama, utabaki?"

"Hapana," akasema. "Mpigie ndugu yako leo. Mtu asiingie nyumba ya baba yako."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu atue uwanja wa ndege kunikatalia kitu. Baada ya hapo akaongea polepole, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananiambia mimi au anaziambia spika.

"Kule nyumbani najua kila mtu atasema nini kabla hajafungua mdomo. Akija wa maziwa, akija kasisi, akija ndugu yako na shida zake, najua. Siku ikiisha sijachoka. Hapa watu wananiambia mambo mapya. Lazima nisikie, na sisikii, na sikutaka ujue, maana ulikuwa na furaha sana."

Nilitaka kusema nimeelewa. Badala yake nikaanza kulia, nimeshika maikrofoni kifuani kama mjinga, na kilio changu kikatoka sebuleni kwenye masanduku yale mawili, kila pumzi na kila kamasi, wazi kama matangazo. Mama aligeuka kwenye kiti. Nilitafuta swichi nikaikosa.

"Mbona unalia?" akauliza.

Ningeweza kumjibu si kitu. Nilikuwa nimeshazoea kumwambia mambo yasiyofika. Nikasogeza maikrofoni mdomoni, nikamwambia kwamba nyumba hii bila yeye siitaki, kwamba nilijua tangu Jumamosi ile ya tumbili na bado nilikuwa nimepanga kunyamaza, na kwamba hata sasa, pamoja na yote aliyosema, sitaki aende.

Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukiwa kwangu na sikio lake likiwa kwa spika.

"Hilo pia nimelisikia," akasema. "Na bado nitakwenda."