Mlembe na Aliyeshika Kamba

Nikimsikia mlembe, huyu ndege wa asali, nalala kifudifudi kati ya mistari ya pamba mpaka anyamaze. Mke wangu anaendelea kuchuma. Ameshazoea.

Aliyenifikisha hapa ni shemeji yangu, kaka wa huyu mke wangu. Naandika wazi kwa sababu kwenye ukoo walisema ni ajali.

Siku ile mlembe alitutoa mimi na shemeji mashambani mpaka mlima wa mawe upande wa Kimali. Anaruka, anatungoja, anapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Nyuki walikuwa kwenye ufa wa mwamba. Mlembe peke yake hawezi kuwafukuza. Anataka nta tutakayomwachia. Kazi yetu ni hivi: mmoja anashuka kwa kamba ya katani, mwingine yuko juu ameizungusha kiunoni. Lakini kwanza unateremsha moshi wa kinyesi cha ng'ombe, nyuki walegee.

"Shuka tu, shemeji," akasema. "Moshi wa nini, unawapikia chai?"

Nikashuka. Huo ujinga ni wangu.

Nyuki wakanifunika uso. Nikapiga kelele anivute. Kamba ikakaza mara moja, kisha ikalegea, nikaiona ncha yake ikinifuata hewani. Haikukatika. Nyuki walipomfikia shemeji na yeye, aliifungua kiunoni akakimbia.

Niliangukia kimti kilichoota kwenye mwamba, chini yangu hakuna kitu. Nyonga ilivunjika. Nilikumbatia kile kimti mpaka wachungaji waliponiona jua likielekea kuzama, na muda wote huo mlembe alikuwa juu ya kichwa changu, anatikisa kiberiti chake, anadai nta.

Mguu umebaki mfupi. Mwaka huu, baada ya palizi, shemeji akaja asubuhi, kamba begani.

"Mwangaluka, shemeji. Ndege wako yuko pale kwenye mgunga, anatuita."

"Sisikii vizuri."

"Unasikia. Leo nashuka mimi, ushike wewe. Tuyamalize haya mambo."

"Na mguu huu?"

"Kamba haishikwi na mguu. Mikono yako mizima."

Mke wangu alisimama mlangoni. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu. Na mimi nikaitazama. Vidole vilikuwa vinafunguka kama vinaachia kamba, na safari hii sikuwa naogopa nyuki wala ndege.

Nikamwambia shemeji siwezi, nina palizi.

Alijua palizi imekwisha. Wote watatu tulijua.