Fikirini Anamsubiri Mkewe

Mume wangu Fikirini ameuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani miaka thelathini. Mpe bushi iliyochakaa, ataipapasa kidogo tu, atakwambia imetoka kwenye gari gani. Mimi sasa, niliyemzalia na kumpikia miaka yote hiyo, hanijui!

Kiharusi kilimpata mwezi wa Shaabani. Mkono ukarudi, maneno yakarudi, tukamshukuru Mungu. Asubuhi moja nampelekea uji, akanitazama juu mpaka chini.

"Dada, samahani. Mke wangu yuko wapi?"

"Si mimi hapa, Siti!"

"Umefanana naye sana. Hata kanga umevaa yake. Lakini siye wewe."

Nikacheka. Aliposema niache mlango wazi, maana yeye ni mume wa mtu na mimi si maharimu wake, kicheko kikaniisha. Kuoga hataki nimshike. Vidonge vya presha ndiyo kabisa, hapokei dawa kwa mwanamke asiyemjua. Siku tatu! Daktari alisema ni ubongo ulioumia, nisibishane naye, lakini asipomeza dawa kiharusi kitarudi na kitamchukua. Mimi na hasira zangu hizi, nilibishana. Nikamwonyesha cheti cha ndoa. Akasema nimekiiba.

Siku ya nne nikamwachia jirani yetu Zena, nikaenda sokoni Kariakoo. Nimefika kwenye samaki, kwa mazoea tu nikampigia simu, nimuulize anataka changu au kibua.

"Mama Nasreen!" akapiga kelele. "Umeniacha na nani humu ndani siku zote hizi? Kuna dada anavaa kanga zako!"

Jamani! Asiponiona uso, sauti yangu anaijua! Nililia pale pale mbele ya wauza samaki, sikuona haya.

"Yule dada nimemtuma mimi," nikamwambia. "Akikupa dawa, meza."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

"Haya."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi naenda uani, nampigia, kisha naingia na glasi ya maji. Anameza bila neno.

Jana kwenye simu akashusha sauti. "Siti, rudi. Huyu dada mtu mwema, ananitunza vizuri, Mungu amlipe. Ila naona ameshaanza kunipenda."

Nikauma kanga nisicheke. Au nisilie, sijui. "Na wewe je?"

"Mimi?" Akakasirika kweli. "Mimi nakusubiri wewe."