Tundu la Kaniki ya Mjomba

Juzi nimepita Msalato, pale ilipokuwa nyumba yetu ya tembe, nikakuta uwele umeota tu. Nikasimama magoti yanatetemeka, mzee mzima! Wapita njia wakadhani nina njaa. Kumbe ni woga wa enzi za Mjerumani, ndugu yangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa woga nilifaulu.

Siku ile mlenda ulikuwa unachemka jikoni, mjomba akaingia anahema. Alikuwa ametoroka kazi ya reli. Askari alimkosa kwenye vumbi, hata sura hakuiona, akabaki na kipande cha kaniki mkononi. Sasa anapita nyumba kwa nyumba, anatafuta nguo yenye tundu lake. Akiipata ni viboko hamsa ishirini, halafu mnyororo. Kuificha haifai: nguo ilikuwa hiyo moja, na mwanamume asiye na nguo siku ile angekuwa amejitaja mwenyewe.

Bibi akachukua sindano. Akachomoa nyuzi kwenye pindo la kaniki ileile, akaanza kuliziba tundu kwa kufuma, uzi juu, uzi chini. Kwa jirani tukasikia kiboko, na mtu analia, "Si mimi, bwana!" Mimi nilipewa kazi ya kuivuta nguo ikae imenyooka. Nilivyokuwa natetemeka, bora ningepewa ungo nipepete uwele.

"Mama, harakisha basi," mjomba akanong'ona.

"Ukiikimbiza sindano itashona kidole. Hofu ikae miguuni, isipande vidoleni."

Alipomaliza, bado mahali pake palionekana. Nyuzi za pindo hazikuwahi kupigwa jua, kwa hiyo pale paliposhonwa palikuwa peusi kuliko nguo yote. Bibi akachota majivu jikoni, akasugua polepole kama anampaka mtoto mafuta, mpaka weusi ukafifia.

Askari akaingia. Akamvua mjomba kaniki, akaipitia pindo kwa pindo, akaiinua juani. Mwanga haukupenya. Akanigeukia mimi.

"We mtoto! Huyu alikuwa wapi leo?"

Mimi, shujaa wenu, nikajikojolea.

"Umeona sasa?" bibi akasema. "Umenitishia mjukuu. Karibu mlenda, bwana mkubwa."

Askari akaruka pembeni asilowe viatu, akatoka anatukana.

Bibi alitangulia, miaka mingi baadaye mjomba akamfuata. Kwenye msiba wa mjomba tuliitandaza ile kaniki, tuwaonyeshe watoto kazi ya mikono ya bibi, maana hakuna aliyejifunza kwake. Tukaigeuza, tukaipapasa, tukaiinua juani, tukitafuta pale paliposhonwa.

Hatukupaona.