Salamu Isubiri Ng'ambo

Jumamosi nilikuwa nanunua ndizi kando ya barabara mjini Kisii. Mama muuzaji akamwona mpwa wake akivuka, kijana aliyeajiriwa majuzi kutengeneza reli huko Bonde la Ufa. Akamwita kwa furaha, mkono ameshaunyoosha.

Kijana hakugeuka. Alitazama kulia na kushoto, akamaliza kuvuka, akasimama kando, ndipo akasema, "Habari yako, shangazi."

Mama alikuwa ameshaurudisha mkono. "Huku kwetu mtu mzima akikuita unaitika. Umefunzwa dharau?"

"Hapana, shangazi. Tumefunzwa kwamba ukiwa kwenye reli, hata nani akuite, toka kwanza. Mwenzangu aligeuka kuitikia salamu, behewa likamkata mguu."

"Ni mjinga gani huyo aliyemsalimia mtu akiwa kwenye reli?"

Kijana akaangalia viatu vyake. "Ni mimi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Mafunzo yalikuja wiki iliyofuata."

Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kusalimia tunamfunza mtoto kabla hajajua kutembea vizuri. Kazi ya hatari tunamfunza mtu baada ya mwenzake kupoteza mguu.