Nilishinda Mdahalo, Nikampoteza Dada Yangu

Nimekosa. Nasema hapa kwa watu nisiowajua, kwa sababu wale wanaonijua hawajawahi kunisikia nikilikiri kosa hili. Kila nikiulizwaga nilikuwa na maelezo. Leo sina maelezo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja huku Bunda. Naishi Kabasa na mume wangu na watoto wetu wawili. Klabu ya midahalo pale shuleni niliianzisha mimi. Nikishika hoja siachii mpaka mwenzangu anyamaze, hata chakula kipoe mezani. Nilikuwa naona hiyo ni sifa.

Dada yangu nitamwita Nyangeta, ingawa si jina lake. Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu, kule Butiama. Kabla sijaanza shule, yeye ndiye aliyenifundisha herufi kwa kuziandika chini na kijiti. Alisomea ufamasia, akafanya kazi Musoma miaka minne, na majirani zake wa Nyasho walikuwa wanamwita daktari. Halafu akapata nafasi ya kwenda kuishi Marekani.

Kule cheti chake hakikutosha. Alitakiwa kufanya mtihani wao ndipo apewe leseni. Akiwa anausubiri, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Alisema ni kazi ya muda tu. Muda ukawa miaka sita.

Alipokuja likizo tulifikia kwa mama. Siku ya tatu tulikuwa nyuma ya jiko tunamenya mihogo, mama ameenda kwenye sala za jumuiya. Nyangeta akaweka kisu chini.

"Mdogo wangu, ule mtihani nimeufanya mara mbili," akasema. "Nimefeli mara zote mbili. Mama anajua bado sijaufanya. Naomba usimwambie mtu."

Nikamshika mkono. "Limeishia hapa hapa, dada."

Sikumuuliza kwa nini alifeli. Nilijiambia namsitiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajijibu moyoni: amezembea.

Wakati ule nilikuwa nashinda kwenye simu nikisikiliza watu wanabishana kuhusu Marekani. Kwa nini weusi ni wachache kwenye udaktari, uanasheria, ukurugenzi wa makampuni. Mmoja anasema ni ubaguzi. Mwingine anasema ni shule mbovu na familia zilizovunjika. Mwingine anauliza, mbona wahamiaji kutoka Asia na wengine kutoka Afrika wanafika mbali? Mimi nilisimama na wanaosema ni uvivu. Nilijitazama mimi mwenyewe, mtoto wa mkulima wa muhogo, nikaona nimefika kwa jasho langu, basi na wengine watoke jasho.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo naona aibu kulisema. Nilikuwa na kijicho. Utotoni kote nilikuwa mdogo wake Nyangeta, yule mwenye akili. Kusikia amefeli kuliniuma kweli, lakini mahali fulani ndani yangu palifurahi.

Nikamwomba aje kwenye mdahalo wetu. Mada niliitunga mwenyewe: watu weusi ni wachache kwenye kazi kubwa Marekani kwa sababu ya uzembe wao kuliko ubaguzi. Mimi niongoze upande wa kuunga mkono, yeye apinge. Alisita.

"Mimi si mtu wa jukwaani," akasema.

"Wanafunzi watafurahi kumwona mtu anayeishi huko. Njoo tu uongee."

Akaja kwa ajili yangu, akafikia kwetu Kabasa. Alivaa gauni la bluu alilonunua kwa ajili ya kanisani. Ukumbi ulijaa, na siku hiyo mkuu wa shule aliruhusu Kiswahili ili wote waelewe.

Nyangeta aliongea taratibu. "Siwezi kuwaambia hakuna wavivu," akasema. "Wapo, weusi kwa weupe, kama walivyo hapa Bunda. Madaktari weusi nao wapo, wengine wanatoka Afrika hii hii. Kwa hiyo msitegemee niwape sababu moja."

Akasimulia habari za mwenzake kazini, mama mweusi mzaliwa wa kule. Alitaka kuwa daktari tangu utoto. Shule ya mtaani kwao ilikuwa inakaa muda mrefu bila mwalimu wa kemia, na kwao hakuna aliyekuwa amewahi kufika chuo wa kumwonyesha njia.

Kisha akasema yake. Aliomba kazi ya msaidizi kwenye duka la dawa kwa jina la kwetu, hakujibiwa. Akaomba tena kwa jina la ubatizo, akaitwa. Alipofika, meneja akamtazama, akamsikiliza kidogo, akasema nafasi imejaa.

"Sasa niambieni nyie," akauliza. "Ni rangi yangu? Ni matamshi yangu? Au kweli nafasi ilikuwa imejaa? Sijui mpaka leo. Na kutojua kunachosha, kwa sababu hujui urekebishe nini."

Binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa wafugaji wa huko Mugeta, akanyoosha mkono.

"Mimi napenda fizikia," akasema. "Lakini wenzangu wananiambiaga watu wa kwetu akili zao ziko kwa ng'ombe. Sasa nikiwa peke yangu darasani wanasema umeona, wenzako wameshindwa. Kumbe wanaweza kuwa wachache bila kuwa wamekosa akili?"

"Ndiyo, mwanangu," Nyangeta akamjibu. "Inawezekana kabisa."

Wakampigia makofi marefu. Nikaona nashindwa, tena mbele ya wanafunzi wangu, na anayenishinda ni dada yangu kama zamani.

Nilikuwa msemaji wa mwisho. Nilisimama sina hoja mpya. Nilichokuwa nacho ni ile siri.

"Mgeni wetu ameongea vizuri," nikasema, "ila kuna kitu hajawaambia. Mtihani wa leseni hauulizi rangi ya mtu. Ameufanya mara mbili, akafeli mara mbili. Dada, nimesema uongo?"

Wengine walicheka, kile kicheko cha wanafunzi wasiojua wafanye nini. Nyangeta alisimama, mkono mmoja umeshika meza.

"Hajasema uongo," akasema. "Nilifeli."

Akakaa. Kura zikapigwa, upande wangu ukashinda kwa mbali sana. Wanafunzi wakawa wanaimba, "Madam! Madam!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Nilimkuta kwenye baraza la ofisi ya walimu. Hakuwa analia. Heri angelia.

"Dada, ni mdahalo tu ule," nikamwambia.

"Mara ya kwanza nilitoka zamu ya usiku, nikaingia kwenye mtihani na nguo za kazi," akasema. "Mara ya pili ni ile wiki mama alilazwa. Ulikuwa unanipigia unalia kila saa, nami nilikuwa napokea. Ningeweza kuahirisha, sikuahirisha. Hilo ni kosa langu. Ungeniuliza ningekwambia yote haya. Hukuniuliza."

Akaondoka, akaniacha pale barazani.

Alipita Kabasa akachukua begi lake, akaenda kwa shangazi yetu Nyasho. Mume wangu alimsindikiza hadi stendi. Mimi nilibaki ndani nikisahihisha madaftari, nikijidanganya kwamba kesho hasira zitakuwa zimeisha.

Habari haikukaa Bunda. Mwalimu mwenzangu ana ndugu Butiama, na kabla ya Jumapili mama alikuwa ameshasikia. Akanipigia.

"Mwanangu amebeba mzigo huo peke yake," akasema, "na aliyemwamini ni wewe. Ukaenda kumwanika mbele ya watoto. Nilizaa wawili ili wasitiriane, si ili washindane."

Nilipopanda gari kwenda Nyasho, shangazi alinipokea mlangoni. Nyangeta alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda Mwanza kupanda ndege, siku nne kabla ya likizo yake kuisha. Shangazi hakunikaribisha kukaa.

Nilimwandikia ujumbe mwingi. Aliusoma wote. Hakujibu.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo sikuitegemea. Muda wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu ulipofika, yule binti wa Mugeta alikuja mezani kwangu na fomu. Alikuwa ameandika masomo ya sanaa.

"Na fizikia?" nikamuuliza.

"Madam, kama dada yako alikuwa na akili vile na akashindwa, mimi ni nani?"

Nilimbembeleza. Nikamwambia nilikosea, kufeli mtihani si kushindwa maisha. Akanisikiliza kwa heshima, akaiacha fomu, akaenda. Hakubadilisha. Mpaka leo nikipita maabara nawahesabu wasichana wa sayansi, na najua mmoja anakosekana kwa sababu ya mdomo wangu. Wageni wakija wakawaona wachache, watasema hawajitumi.

Mwaka jana nilienda kumtembelea mama. Nikamkuta jirani aliyekuwa mbali siku nyingi anampongeza. Nikauliza kuna nini.

Mama akanitazama kidogo. "Dada yako alifaulu ule mtihani. Ameshaanza kazi, ni mfamasia kule. Ni miezi saba sasa."

Miezi saba. Majirani wanajua, shangazi anajua, kanisani walishamshukuru Mungu. Mama alisema Nyangeta aliomba nisiambiwe alipokuwa anajiandaa. Aliogopa nikijua, na akifeli tena, sijui nitakuja kulisemea wapi.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Kisha nikamtumia pongezi. Safari hii alijibu.

"Asante, madam."

Basi. Hajaniita mdogo wangu tena.

Bado sijui sababu zote za mambo ya Marekani, na siku hizi mtu akiniambia anazijua zote namwogopa. Watu wa kule nilikuwa nawajadili kama hesabu za ubaoni. Mmoja wao alikuwa ameketi hatua tano kutoka kwangu, damu yangu, na nilishindwa kumuuliza swali moja.

Wewe unayenisoma, bishana, sikukatazi. Lakini alichokuambia mtu akiwa anaumia usikifanye hoja, hata kama ni kweli, hata kama unashindwa. Ukishindwa kaa chini. Mimi ningekaa chini siku ile, leo ningekuwa na dada.