Shamba Lililolimwa kwa Kitabu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado jekundu, Scolastika Mbuke anasimama kwenye ncha ya shamba lake hapa Bugarama akiwa amekumbatia kitabu kilichofungwa ndani ya kipande cha kaniki. Mbele yake watu ishirini na sita wameegemea majembe yao. Wamekuja kumlimia. Pombe hawakupewa, nyama hawataonja, na hakuna anayenung'unika.

Wanachokingoja ni kurasa za mwisho za kitabu hicho, maana ndiyo malipo waliyoahidiwa. Ila Scolastika anajua jambo ambalo wao hawalijui. Kurasa hizo hazipo.

"Nikisema sasa, wanaweza kuondoka," anamnong'oneza mwandishi wa habari hizi. "Nisiposema, watalima mpaka tuta la mwisho. Yamebaki matuta themanini."

Matuta themanini si mchezo. Mvua za Desemba zimekwisha kunyesha mara tatu, na kila mkulima wa nchi hii ya Msalala anajua kwamba mbegu ikichelewa mwaka huu wa 1934 njaa haitachelewa. Msimu uliopita nzige walishuka juu ya mtama wa familia hii wakaacha mabua matupu. Tangu hapo nyumba inakula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni.

Scolastika ana umri wa miaka thelathini, ni mkulima, na ni mama wa watoto wanne. Mkubwa wao ni Apolonia, mwenye miaka tisa. Scolastika alisoma misheni miaka mitatu tu, kisha akaolewa na Makoye kwa ng'ombe kumi na wawili.

"Watu walimcheka baba mkwe wangu," anasema. "Walimwambia umetoa ng'ombe kumi na wawili kwa msichana anayekaa anatazama karatasi."

Aliyefurahi ni Makoye. Yeye hajui kusoma hata herufi moja, lakini hakuna mtu katika kijiji hiki apendaye vitabu kumzidi. Kwa miaka mitano amekuwa akienda kufanya kazi katika mashimo ya dhahabu upande wa Rwamgasa, mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa shilingi kumi na mbili kila kipande cha siku thelathini. Kila alipomaliza vipande vyake alirudi nyumbani na chumvi, kitambaa na kitabu kimoja.

Vitabu hivyo huvinunua Runzewe kwa Sabiti, mwenye duka, ambaye naye huvipata kwa makarani wanaorudi makwao. Mtu asiyejua kusoma huchaguaje kitabu? Mwandishi aliuliza swali hilo akitabasamu, na Makoye alilijibu bila kutabasamu.

"Kitabu kikiwa safi, ujue hakuna aliyekipenda. Mimi natafuta kilichochakaa. Kiwe na alama za vidole, kiwe na tone la mchuzi. Hicho watu walishindwa kukiacha hata wakati wa kula."

Kanuni hiyo imemfaa sana, isipokuwa mara moja. Mwaka juzi alileta kilichochakaa kuliko vyote, kumbe kimeandikwa kwa Kiganda. Scolastika akamsomea ukurasa mzima kwa sauti, neno kwa neno, naye mwenyewe asielewe kitu.

"Nikamwuliza, je, huyo mtu wa kitabuni alifika salama?" anasimulia Makoye. "Akaniambia, Baba Apolonia, hata mimi nangoja kujua."

Mwaka huu vimeingia vitatu. Cha kwanza ni cha mpagazi aliyesafiri na msafara toka pwani mpaka ziwani, na Makoye alitaka arudiwe habari za chakula chao cha njiani mara tatu. Cha pili ni cha magonjwa ya ng'ombe. Hicho ndicho kinacholeta ugomvi wa kila siku wa Nyamizi, mama yake Makoye, ambaye husomewa sehemu ya kupe na kila mara hutoa hukumu ileile: "Aliyeandika hajapata kuchunga."

Cha tatu ndicho kinacholima shamba. Ni hadithi ya msichana aliyetoka kijijini peke yake kumtafuta kaka yake aliyepotea. Makoye alikuja nacho mwezi wa Septemba, akiwa amebebwa machelani na wenzake. Gogo la kuegemezea paa la shimo lilikuwa limemwangukia mguu wa kushoto. Kitabu kilikuwa kifuani, ndani ya shati, na mpaka wakati wa kulima zamu yake ya kusomwa ilikuwa bado.

Nyumba hii ina sheria moja kuhusu vitabu, nayo ni sheria ya mume na mke. Hakuna kusoma mbele peke yako. Scolastika husoma alasiri, baada ya kutwanga, Makoye akiwa ameketi karibu naye akipukuchua au akishona mkeka. Anapoitwa na kazi, kitabu hufungwa palepale, hata kama shujaa wa hadithi yumo kinywani mwa mamba.

"Mara moja alichungulia," Makoye anasema. "Nilimjua usoni. Sikusema naye mpaka jioni."

"Uongo," mke wake anajibu. "Hukumaliza hata saa moja. Uliniuliza nimeona nini."

Mguu uliovunjika ulileta swali zito. Nani atalima? Hapa kwa desturi mwenye shamba kubwa huita kundi la kulima. Watu huja na majembe, mpiga ngoma huwatangulia, na mwenyeji huwalipa kwa pombe ya mtama, na pengine mbuzi. Lakini mtama wa pombe utatoka wapi kwa watu waliolimiwa na nzige?

Scolastika alikwenda mwenyewe kwa Maganga, kiongozi wa kundi, mzee mkavu mwenye sauti ya kutosha watu mia. Alimsalimu kwa heshima zote, akapiga goti, akasema hana pombe wala mbuzi. Ana kitabu. Atawasomea chote, toka mwanzo hadi mwisho, wakilima.

"Nilidhani njaa imempanda kichwani," anasema Maganga. "Halafu nikamwambia anisomee kidogo nisikie. Akanisomea kidogo. Nikamwambia ongeza. Akafunga kitabu, akasema kilichobaki kiko shambani."

Kikwazo cha kwanza kilitoka nyumbani kwake mwenyewe. Nyamizi alikataa katakata. Ya mlangoni mwa mwanawe alikuwa akiyafumbia macho, lakini katika malezi yake hadithi si ya mchana, na anayesimulia jua likiwaka hupoteza ng'ombe. Kama kuthibitisha maneno yake, siku ya kwanza ya kulima, jua la utosi, mtamba wa Maganga alitoweka. Majembe yakasimama. Watu wakakitazama kitabu kama wanamtazama mwizi.

Mtamba alikutwa baada ya muda katika viazi vya Maganga mwenyewe, akiwa ameshiba. Hata hivyo hofu ilikuwa imeingia, na Scolastika aliona lazima aseme kitu.

"Mayu," alimwambia mama mkwe wake mbele ya watu, "hadithi ya mdomo ni ya usiku, sikatai. Lakini karatasi haionekani gizani. Aliyeitengeneza aliitengenezea jua. Ningeisomaje usiku na mafuta ya taa hatuna?"

Nyamizi akaketi chini, akanyoosha miguu, akasema: "Basi soma kwa sauti, wengine masikio yamezeeka."

Namna wanavyofanya kazi inafaa kuonwa. Kundi hujipanga mstari mmoja, kila mtu na tuta lake. Scolastika husimama mbele yao, uso kwa uso, pale ambapo mpiga ngoma angesimama. Majembe yanaposonga mbele yeye hurudi kinyumenyume, kitabu mkononi na mtoto mdogo mgongoni, akipapasa udongo kwa visigino. Ameanguka mara mbili. Mara zote mbili kitabu hakikugusa chini.

Siku ya kwanza lilitokea kosa ambalo hakuna aliyelitazamia. Hadithi ilipopamba moto, watu waliacha kulima, wakasimama midomo wazi. Maganga aligomba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, naye mwenyewe alikuwa amesimama. Tangu hapo Scolastika amejifunza. Panapokuwa patamu anafunga kitabu, anatazama matuta, ananyamaza. Hapo majembe huenda kwa kasi ambayo ngoma haijapata kuileta.

Kwa siku mbili walilima matuta mia moja na sitini. Jioni ya siku ya pili, akitaka kujua zimebaki kurasa ngapi ili azigawe vizuri, Scolastika alifungua nyuma ya kitabu. Jalada lilikuwepo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kung'oka zamani, kwa kusomwa sana na watu asiowajua. Kitabu kinaishia ukurasa wa tisini na sita, katikati ya sentensi.

Makoye ndiye aliyekichagua, na uchungu wake ulionekana. Lakini shauri lake lilikuwa la mtu mwenye watoto wanne: waache wamalize kwanza, ndipo uwaambie. Nyamizi alimuunga mkono mwanawe. Scolastika akawapakulia chakula, akaosha vyombo.

"Nilimwambia mume wangu hivi," anasema. "Watu hawa hawajui kusoma. Wanaamini kila ninalosema limo. Nikiwadanganya mara moja kuhusu kitabu, nitawasomea nini tena?"

Na sasa ni asubuhi ya tatu ya kulima, watu wameegemea majembe, na yeye anafungua kaniki. Anakiinua kitabu juu, anakigeuza ili wote waone uzi mtupu ulioshikilia kurasa zisizokuwepo.

"Baba zangu, mama zangu, mwisho haumo," anasema kwa sauti ileile ya kusomea. "Nimejua juzi jioni, na jana mvua ilituzuia kukutana. Niliwaahidi kitabu kizima, nami sina. Anayetaka kwenda, aende kwa amani. Siku mbili mlizonipa, wabeja sana, nawashukuru."

Vijana watatu wanatazamana, wanaweka majembe begani, wanaondoka. Wa nne anasita. Mwandishi anakiri kwamba alianza kuyahesabu matuta kama shamba ni lake.

Kisha Makoye, aliyekuwa ameketi ukingoni, anajiinua kwa fimbo yake. Anachechemea juu ya matuta, taratibu, kila hatua inamuuma na kila mtu anaiona, mpaka anafika alipo mke wake. Anasimama kando yake, akiwageukia watu.

"Mimi nilimwambia anyamaze," anasema. "Amekataa. Nimeona mjue."

Maganga anatema mate pembeni, anapangusa mdomo. "Ninyi," anawaambia watu wake, "ni nani hapa aliyewahi kuuona mwisho wa mvua ndipo akaanza kulima? Kila mwaka tunatia jembe na mwisho hatuujui. Mama Apolonia ametuambia kweli kabla jasho la leo halijatoka. Watu wa mgodini hawatuambii, wenye maduka hawatuambii. Soma, mama. Soma mpaka palipokatika."

Majembe yanashuka kwa pamoja.

Anasoma akirudi nyuma, safari hii bila kufunga kitabu hata mara moja, maana leo ameamua kutowabania kitu. Msichana anavuka mto, anaulizia, anafukuzwa, anafika usiku kwenye nyumba moja yenye taa. Saa nne kasorobo Scolastika anafika ukurasa wa tisini na sita. Anasoma maneno ya mwisho polepole: "Akausukuma mlango, na ndani akamwona..."

Anashusha kitabu. Yamebaki matuta thelathini.

"Kaka yake!" anapiga kelele Nyamizi, ambaye kwa miaka sabini, kabla ya shamba hili, hakuwahi kukaa kusikiliza hadithi mchana.

"Kaka yake gani? Kaka amekufa!" anajibu mtu wa tuta la mwisho.

Basi hapo hahitajiki msomaji tena. Wanabishana wakilima, wanalima wakibishana, wengine kwa kaka, wengine kwa yule mfanyabiashara mwovu wa hadithini, na mwanamke mmoja anaapa kwamba ndani alikuwemo mama yao. Wale vijana watatu, waliosikia kelele wakiwa makwao, wamerudi kuuliza kuna nini. Wanaambiwa washike tuta kwanza. Kabla ya adhuhuri shamba lote limegeuzwa, jeusi, tayari kwa mbegu.

Scolastika analia, na hafichi. Makoye anashika kitabu kwa mikono yote miwili, anacheka tu. Ni nadra mwandishi kuona mume akijivuna hivyo kwa sababu ya mke, naye aliona fahari kuwepo.

Tangu siku ile kundi limempa Scolastika nafasi ya kudumu. Atasoma katika mashamba yote saba yaliyobaki, na shamba lake litalimwa kila mwaka kama la mpiga ngoma. Ameanza na cha mpagazi. Cha ng'ombe kimepigiwa kura kikashindwa, Nyamizi akiwa wa kwanza kukipinga. Alasiri Makoye na Apolonia hukaa pamoja mlangoni, baba na binti, wakiandika herufi mchangani, na binti ndiye aliye mbele.

Lakini tumaini kubwa la mama huyu ni jingine, na alilisema mwandishi alipokuwa anaaga. Gazeti hili husomwa Shinyanga, Tabora na mbali zaidi. Huenda kati ya wasomaji wake yupo aliye na kitabu hicho kizima, hadithi ya msichana aliyemtafuta kaka yake. Mwandishi alimwahidi kuliandika ombi hilo, na akaongeza kwamba mtu kama huyo angeweza hata kumtumia salamu kwa mdomo, kueleza tu ndani ya ile nyumba alikuwemo nani.

Scolastika aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

"La, hasha! Waambie wasomaji wako asinisimulie mtu. Walete karatasi. Nitasoma mwenyewe, mbele ya kundi zima."